Kwa Otilia, Aliyeomba Dakika Kumi

Mpendwa Otilia,

Meseji yako niliipata Jumapili, kwa simu ya bibi yako, nikiwa naanua nguo. Ulianza na shikamoo Madamu, ukamsalimia mwanangu kwa jina, ukasema huko Hanga mvua ni nyingi na mahindi ya bibi yamesimama vizuri. Halafu ukauliza jambo moja tu: "Madamu, walijuaje kuwa ni mimi? Sikuandika jina." Nikaiweka simu kifudifudi juu ya ndoo, nikaendelea kuanua. Nguo nikazikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena. Siku nne zimepita, na labda mmeshaamua kuwa Madamu hana vocha.

Vocha ninayo. Ila jibu lako halienei kwenye meseji, na bibi yako asingeweza kukusomea bila kunilaani. Kwa hiyo nakuandikia barua, na bahasha sitaibandika. Atakayeipitisha akitaka kuisoma njiani, aisome. Mambo ya siri hapa shuleni yameshanitia kinyaa cha kutosha.

Mwandiko wako niliupenda kabla sijaijua sura yako. Mlikuwa kidato cha kwanza, madaftari ya insha sitini na kitu mezani kwangu, mengine yameandikwa kama mtu anakimbizwa, ndipo nikakutana na lako. Herufi zimesimama wima, mikia ya "g" imepinda kwenda kushoto, hakuna mahali ulipofuta. Kesho yake niliingia darasani nikauliza Otilia ni nani, ukasimama ukiwa umeishika sketi kiunoni kwa sababu ilikuwa kubwa. Ulikuwa unatembea kutoka Msamala hadi huku kwetu Mshangano kila siku, na mama yako alikuwa anakufungia vitumbua viwili kwenye karatasi. Kimoja kiliishia mezani kwangu mara nyingi, na mimi mtu mzima nilikuwa nakipokea bila haya.

Unaikumbuka siku ya kumbikumbi? Mvua ilikatika katikati ya kipindi changu, wakaanza kutoka kwenye kichuguu cha nyuma ya choo, na kidato cha pili chote kikapita dirishani. Nilitoka nje niwafokee. Wewe ukaniletea sufuria ya jikoni ukasema tu, "Madamu, shika huku." Tukaokota mpaka kengele ikalia. Jioni tuliwakaanga kwenye jiko la mpishi, nami nikawa nawaosha kwa maji mengi, ukanikataza, ukasema nikiwaosha sana ladha itaondoka. Sijacheka hivyo tena nikiwa kazini.

Mwaka ule ule mama yako akafariki. Tulikuja msibani Msamala na darasa zima, mkaimba, nikakushika bega. Uliporudi shuleni baada ya siku tano, ulipewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara kwa siku ulizokosa, maana taarifa ya msiba eti haikuletwa kwa maandishi. Nilipita pale ukiwa umeinama na fyekeo. Nilikupungia mkono, nikaenda zangu kunywa chai. Nakuandikia hili kwa sababu nimejifunza kuwa sikuharibika siku moja.

Halafu likaja sanduku. Walituita mjini, mwalimu mmoja kila shule, kwenye semina ya siku moja kuhusu afya ya akili kwa wanafunzi. Tukapewa soda, fulana na daftari. Mtoa mada alisema mambo ya maana sana, na nilirudi nimewaka. Nikamsumbua mkuu wa shule hadi akakubali tutengeneze sanduku la mbao, tukalipaka rangi ya buluu, tukalitundika ukutani karibu na maktaba. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu wa ushauri nasaha. Nilipita darasa kwa darasa nikiwaambia andikeni yanayowasumbua, msiandike majina.

Wewe ukanyoosha mkono. Ukauliza, "Na mwandiko, Madamu?"

Wenzako walicheka. Mimi nikakujibu kuwa nitasoma peke yangu, na mwandiko wa mtu kwangu ni kama sauti yake, siwezi kuitoa nje. Nilisema hivyo mbele ya wanafunzi hamsini. Uliridhika, ukakaa.

Barua yako ninaijua kwa moyo. Uliandika kuwa tangu mama aondoke unaamka saa tisa usiku kila siku na hulali tena. Kwamba kengele ikigongwa moyo unakwenda mbio. Kwamba umepima malaria mara mbili na huna. Kwamba ukichapwa siku hizi husikii maumivu, na hilo ndilo linalokutisha. Mwisho ukaandika: "Naomba mtu wa kuongea naye, hata dakika kumi." Ukaikunja mara nne, ukaitumbukiza.

Ningeisoma mwenyewe ingekuwa salama. Lakini wiki ile mkuu wa shule aliliulizia sanduku kwenye kikao cha walimu. Alisema haiwezekani kitu kiwe kwenye ukuta wa shule na uongozi usijue kilichomo. Nilipaswa kukataa. Nilikwenda nikalishusha, nikalifungua mimi mwenyewe kwa ufunguo wangu, nikamwaga karatasi mezani katikati ya vikombe. Zikaanza kusomwa kwa zamu. Mmoja alilalamikia wadudu kwenye makande, tukacheka. Mwingine alilalamikia mlango wa choo cha wasichana, tukacheka pia, sijui hata kilichochekesha. Nakumbuka midomo yetu ikiwa imejaa chapati. Walimu kumi na wanane, wenye vyeti, tunacheka na midomo imejaa.

Yako aliisoma mwalimu wa nidhamu. Hakufika mwisho kabla watu hawajaanza kutoa tiba. Huyu akasema ni mapenzi hayo, yule akasema ni mapepo aombewe, mwingine akasema ni uvivu wa kidato cha tatu. Hakuna aliyesema mtoto huyu amefiwa. Mkuu wa shule akakuna kidevu, akasema mwanafunzi wa namna hii anaweza kutuharibia jina la shule, lazima ajulikane. Akaiinua karatasi, akauliza, "Nani anaujua mwandiko huu?"

Otilia, hakuna aliyenishika koo. Hakuna aliyenitisha. Mkuu hakunitazama hata mimi. Nilikuwa na kikombe mkono wa kulia na kipande cha chapati mkono wa kushoto, na nilipouona ule mkia wa "g" nikajisikia fahari kidogo, ile fahari ya mwalimu anayewajua wanafunzi wake. Nikasema, "Otilia, kidato cha tatu B." Kisha nikamalizia chapati yangu.

Hilo ndilo jibu lako. Walijua kwa sababu mimi niliwaambia.

Ningependa kusema nilidhani watakusaidia. Nimejiambia hivyo mara nyingi, usiku na mchana. Sikudhani kitu. Niliulizwa swali nililolijua, nikajibu.

Jumatatu mstarini ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia, lakini nataka ujue nilichokiona nikiwa kwenye mstari wa walimu. Niliona mwalimu wa nidhamu akiisoma barua yako kwa sauti ya kike ya kuigiza. Niliona wanafunzi wa mbele wakicheka. Nilimwona akikuita mbele, akaitazama saa yake, akakuambia, "Haya, umeomba dakika kumi. Ndizo hizi, ongea." Ukasimama. Hukuongea na hukulia. Dakika ya pili vicheko vikaisha. Dakika ya tano kuna msichana wa kidato cha kwanza akaanza kulia yeye. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea unaijua, na wewe siku hiyo hukuwa na sweta. Tukakutazama dakika kumi kamili, mimi nikiwa nimeikumbatia rejista kifuani. Kama kuna mtu mstarini pale alikuwa na ugonjwa, Otilia, hakuwa wewe.

Baadaye nilikufuata kwenye tangi la maji nikakupa leso yangu. Ukanawa uso. Na wiki mbili baadaye, baba yako mdogo alipokuja kukuhamishia kwa bibi kwa sababu eti umewatia aibu, ulikuja ofisini kuniaga. Walimu wengine walijifanya wanasahihisha. Ulisimama mbele ya meza yangu ukasema, "Asante Madamu. Ni wewe tu uliyenionea huruma." Nikakujibu, "Karibu, mwanangu." Nikaipokea asante ile kama nilivyokuwa napokea vitumbua. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloninukia zaidi.

Mwezi uliopita walikuja wageni kutoka halmashauri kukagua. Sanduku bado lipo, limepakwa rangi upya. Mkuu wa shule akaomba ufunguo kwangu, akalifungua mbele yao kwa mbwembwe, akalipindua, hakikudondoka kitu. Tangu uondoke halijaingia hata karatasi moja. Akatabasamu, akawaambia, "Mnaona wenyewe, watoto wetu hawana msongo wa mawazo." Mgeni mmoja akaandika. Wakapiga makofi, na mikono yangu ikapiga pamoja nao. Niliitazama mikono yangu ikifanya hivyo.

Siku mbili baada ya meseji yako nilimtafuta muuguzi mmoja anayeshughulika na wagonjwa wa akili, nikamweleza habari zako bila jina. Safari hii niliweza kulificha. Akasema kukosa usingizi namna ile baada ya msiba si mapepo wala uvivu, na mara nyingi huanza kupungua mtu akipata wa kumsikiliza mapema. Akaniuliza, je, huyo mtoto alimpata? Nikamshukuru nikaondoka.

Jana nikaingia kwenye darasa lako, sasa wako kidato cha nne. Nikafunga mlango. Nikawaambia nimekuja kusema nani alikutaja, kwa sababu umeuliza na una haki ya kujua, na wao niliwaahidi pia siku ile. Nikawaambia ni mimi. Nilitegemea kelele, au matusi ya chinichini, na nilikuwa tayari kwa hayo.

Skolastika, yule uliyekuwa unakaa naye dawati moja, akasimama. Akasema, "Tunajua, Madamu."

Nikamuuliza wamejua lini. Akasema siku ile ile. Mmoja wao alikuwa zamu ya kuleta chai ofisini, alisikia kila kitu, na kabla ya saa za kwenda nyumbani darasa zima isipokuwa wewe lilikuwa linajua. Ndiyo maana hawaandiki. Walikuwa wananiamkia shikamoo kila asubuhi miezi yote hii, wananifutia ubao, wanajua.

Nikamuuliza kwa nini basi hamkumwambia Otilia. Skolastika akawatazama wenzake, halafu akanijibu taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Alikuwa amebaki na wewe tu, Madamu. Tukaona tusimmalizie."

Watoto hamsini, Otilia, wa miaka kumi na sita na kumi na saba. Hawakwenda semina, hawakupewa fulana. Walikaa kikao chao wenyewe, sijui chini ya dawati gani, wakaamua kukuachia mtu wa kumwamini hata kama mtu mwenyewe alikuwa takataka, na wakaitunza siri hiyo vizuri kuliko sisi tulivyotunza yako. Nilitoka darasani nikaenda kukaa kwenye stoo ya vitabu.

Sasa nimekuondolea hicho walichokulindia. Nilifikiria kunyamaza ili uendelee kuniamini, nikaona huko kungekuwa kuendelea kula cha kwako. Nakala ya barua hii nitaiweka kesho asubuhi mezani kwa mkuu wa shule, na ufunguo wa sanduku juu yake. Atakachonifanyia ni juu yake.

Sikuombi unisamehe. Ukisoma hapa ukaitupa jikoni kwa bibi, umefanya sawa. Ila kuna jambo moja nakuomba kwa ajili yao. Barua hii anakuletea Skolastika mwenyewe, Jumamosi, yeye na wenzake wawili. Walitaka twende wote nikakataa. Wameomba ruhusa nyumbani siku nzima, na basi la kurudi ni la jioni. Wamesema si lazima uongee, ukitaka mtapukuchua tu mahindi ya mwaka jana, lakini ukitaka kuongea, hakuna atakayetazama saa.

Wafungulie mlango.

Ndimi, aliyekuwa Madamu wako wa Kiswahili.