Mama na Saumu ya Siri

Maimuna weee! Mama nusura aniue kwa hofu leo. Yu mzima, usipandishe presha, nipo naye wodini na anacheka.

Si wale watu wa Nyamisati walikuja kumposa binti yangu Ashura? Mama akatoka na sinia la chai, mikono inatetemeka, vikombe vinalia. Anapepesuka! Ulimi mzito! Chai yote kwenye kanzu ya mshenga.

Mshenga kaniuliza, "Bibi amelewa?" Amelewa! Mama yangu mimi, shoga!

Mbio hospitali. Daktari akaona vile vidonge vyake vya lithiamu, vya kumtuliza akili tangu mwaka ule alipougua. Akauliza, "Bibi, maji unakunywa?"

Mama akavuta shuka usoni.

"Bibi?"

"Nimefunga."

Kafunga, Maimuna! Ramadhani walimkataza kwa sababu ya dawa, akatii. Kumbe sasa analipa siku zake kwa siri, na joto hili la Kibiti! Daktari anasema mwili ukikauka maji, figo za uzeeni hazimudu kuitoa dawa, inajaa kwenye damu, inakuwa sumu. Vidonge wamesimamisha, damu wamepima, dripu inashuka.

Ulimi umerudi. Neno lake la kwanza: "Mmenifuturisha kabla ya magharibi!"

Mshenga naye yupo mlangoni na kanzu yake ya madoa, kaleta madafu. Posa ipo!

Daktari kamwambia, "Bibi, kufunga basi. Wewe umeruhusiwa kulisha masikini badala yake."

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Haya. Nikitoka hapa uje ule kwangu, umekonda."