Gari ya Viti Viwili

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana kutoka Keshero. Mama yako ni muzima. Goti langu ndilo linasumbua. Unaniuliza ununue minibisi ya zamani ao gari mupya ya mbio. Sikiliza kwanza.

Nikiwa kijana nilikuwa na minibisi nzee. Mutu akifa kwenye avenue yetu, asubuhi majirani walikuja kwa portail, geti la nyumba yangu, bila kuuliza, wanapanda, tunaenda kuzika. Nikachoka na udongo wa viatu vyao. Nikaiuzisha, nikanunua gari nyekundu, ya chini, ya viti viwili.

Kisha mama Kahindo, jirani aliyenilea, akafa. Majirani wakafika kama kawaida, wakaangalia ile gari. "Haina shida, papa," wakasema, wakaenda kwa miguu mpaka makaburini wakiimba. Nikawafuata polepole, peke yangu. Nani angekubali kupanda wenzake wakitembea?

Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile, kukiwa na kilio, wanapita portail yangu bila kusimama. Ile nyekundu ilioza zamani. Nilinunua minibisi ingine, naiosha kila juma.

Bado wanapita.

Tate wako