Breki za Lori kwenye Gari Dogo

Kaka Ezekia, uliye ng'ambo ya mpaka,

Dereva aliyeshusha mzigo Tunduma jana ameniambia kwamba mwisho wa mwezi unarudi uwanjani kushindana mbio za magari. Gari lile lile, breki zile zile. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Bahasha siifungi. Atakayekuletea akitaka kusoma, na asome.

Unakumbuka tulivyokwenda mara ya kwanza? Ulikuwa umeng'oa viti vya nyuma ili gari liwe jepesi, nikakaa mbele na mabegi miguuni. Kigari chako cha kubebea mbolea kikaingia katikati ya magari yaliyochorwa namba ubavuni. Mizunguko michache tu, moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Baadaye ulinieleza jinsi kanyagio lilivyozama hadi sakafuni. Mimi, nikiwa kando ya uwanja, niliona tu gari likipita kona na kuishia kwenye nyasi. Ulishuka unacheka. "Dogo, umeona nilivyolima?" Harufu ya zile pedi za breki zilizoungua nilirudi nayo nyumbani kwenye sweta.

Wakati wa kurudi tulisimama Nakonde kwa yule mama muuza spea. Alikuwekea pedi za aina mbili mezani.

"Hizi za barabarani, hizi za kuchezea mbio. Za kuchezea mpaka zipate moto ndiyo zinashika. Asubuhi ya baridi zitakucheka, bwana mukwai. Chukua zote, uwe unabadilisha."

"Nifungue magurudumu kila nikienda na kila nikirudi? Mama, mimi nina kazi."

"Basi kacheze mpira."

Tulicheka mpaka kwenye geti la mpaka. Kisha ukafanya jambo ambalo mtu wa Tunduma tu angelifanya. Sisi tumelelewa kando ya foleni ya malori. Kwetu kitu imara ni kile kilichotoka kwenye lori: turubai la kuanikia kahawa, kamba ya ng'ombe, hata kengele ya kanisani ni rimu. Ukampelekea fundi kipande cha breki ya lori, akakikata na kukipigilia kwenye vibati vya pedi zako za zamani. "Kinachosimamisha tani thelathini kitashindwa na haka kagari?" Gereji nzima ikakuunga mkono. Nilisema breki za lori zinasukumwa na upepo, wewe una mguu wako tu. "Mwalimu, vipindi vimeisha," ukanijibu, na gereji ikacheka tena.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Juni. Ukungu ulikuwa umeifunika Hasamba yetu yote, na mama alikuwa na safari ya Vwawa. Alikaa mbele, kwa sababu viti vya nyuma ulikuwa hujavirudisha. Mimi nilijikunja nyuma juu ya gunia. Karibu na soko kosta ilisimama kupakia abiria. Hukuwa na mwendo, kaka, hilo nitalisema popote. Niliona goti lako likinyooka kabisa, nawe umeinuka kwenye kiti, na gari linaendelea kwenda kama vile hujagusa kitu. "Baba, simama," mama alisema taratibu, akanyoosha mkono mbele.

Mkono huo ulipona umepinda. Kahawa anachuma kwa mkono mmoja, kikapu amekifunga kiunoni. Wewe uliondoka kabla hajafunguliwa plasta, na tangu hapo kila dereva anayetoka kwako ananiletea maneno yale yale: lami ilikuwa na maji, kosta haikuwasha taa, breki hazikuwa na tatizo.

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nadhani nayaelewa, na ndiyo yanayonikosesha raha. Zile breki zikiwa mbaya, basi mkono wa mama umevunjwa na chaguo lako. Kwa hiyo lazima ziwe nzuri. Lazima uzipeleke uwanjani, mwendo wote ule, zikushikie kwenye kona mbele ya watu, ndipo uweze kutuangalia usoni. Kaka, unataka kuweka roho yako rehani ili kushinda ubishi ambao hapa nyumbani hakuna anayekubishia. Mama hajawahi kuuliza kosa lilikuwa la nani. Madereva wakija anawauliza kitu kimoja tu: "Siku hizi linasimama?" Nao wanaangalia chini.

Mzigo uliofungwa na barua hii ni pedi, aina zote mbili, kutoka kwa yule mama wa Nakonde. Alikukumbuka. Za kuchezea ni za huko uwanjani, maana najua sitakuzuia. Za barabarani uzifunge kabla hujaanza safari ya nyumbani, na usimweleze mtu yeyote kwa nini umezifunga. Mimi sitauliza.

Nilipokuwa nafunga mzigo, mama alikaa pembeni akinishikia kamba kwa mkono ule mzima. Nikamwambia ukija nitakaa mimi mbele, yeye apumzike nyuma.

"Nyuma kuna nini?" alisema. "Nitakaa mbele na mwanangu."

Mdogo wako,
anayesikiliza kila gari linalopunguza mwendo hapa njia panda.