Tiara Iliyofutwa Angani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu Chiriku anakua, na maneno yake yanakua naye. Babu pia ni mzima, ila hushikwa na kikohozi kila mjomba anapotaja kompyuta.

Nina habari za filamu yetu. Unakumbuka babu alisema mkanda wa kamera uliobaki kwenye friji, anakouhifadhi usiharibiwe na joto, ndio wa mwisho, na kwamba ukiharibika ataifungia kamera yake sandukuni moja kwa moja. Mjomba alimshauri atumie kamera ya dijitali, kwa sababu picha huonekana papo hapo, na ikikosewa inarudiwa. Babu akamjibu kwamba ndiyo maana vijana wa siku hizi hupiga kwanza, wakafikiri baadaye. Mjomba akasema afadhali hao kuliko wazee wanaofikiri mpaka jua likazama. Mimi nilinyamaza kama ulivyonifunza, ingawa mbavu ziliniuma kwa kujizuia kucheka.

Filamu yenyewe ni fupi: Chiriku anarusha tiara kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Babu alitaka tiara ipande sana, iwe nukta tu angani. Tulingoja upepo mchana kutwa. Mjomba akasema ataichora kwa kompyuta, twende zetu tukale. Babu akamwambia kwamba tiara ya kuchora haimvuti mtoto mkono. Mjomba akaenda kula peke yake. Mwishowe upepo ukaja, Chiriku akapiga kelele, kamera ikanguruma, mkanda ukaisha.

Ulipotoka kwa fundi wa kusafisha filamu, mjomba aliunakili kwenye kompyuta ili aondoe vumbi. Alilifuta kwenye picha moja baada ya nyingine, akajisifu kwamba filamu imetakata kuliko sahani za bibi.

Jumapili tulitundika shuka ukutani, tukakaa kutazama. Chiriku akatokea anakimbia, uzi mkononi, uso juu, anaichekea anga tupu. Tiara haikuwepo! Chiriku mwenyewe aliangua kilio akiuliza nani kaichukua. Mjomba akashika kichwa: alikuwa ameifuta yeye, akidhani ni vumbi. Bibi alicheka hadi akaomba maji. Babu alisema hajawahi kuona mwizi anayekaribishwa chai.

Mjomba akaahidi kuchora tiara nyingine, tena yenye mkia wa rangi. Babu hakutaka hata kusikia. Bahati nzuri mkanda wenyewe ulikuwa salama kwenye mkebe wake, kwani kilichofutwa kilikuwa nakala tu. Mjomba akaanza upya, nami nikakaa pembeni yake nikimwonyesha lipi ni vumbi na ipi ni tiara.

Hapo ndipo alipoona kivuli cha mpiga picha kwenye nyasi, chini kabisa. Babu, Mama, babu huyuhuyu, akamwomba kwa sauti ya chini akifute kwa kompyuta. Mjomba akakitazama kivuli, akakitazama kipara cha babu, kisha akanigeukia mimi. Kivuli kilikuwa na misuko miwili iliyosimama kama pembe.

Mama, mpiga picha nilikuwa mimi. Upepo ulipokuja mikono ya babu ilikuwa inatetemeka, akaniwekea kamera begani. Hakutaka ujue habari za mikono yake, lakini sasa ameniruhusu nikuandikie. Mjomba amegoma kufuta kivuli. Anasema safari hii hagusi kitu. Na kamera haikurudi sandukuni. Babu ameiweka kwenye rafu ninayoifikia, na ameanza kuulizia mkanda mwingine. Naomba ruhusa yako, mitihani ikiisha, likizo nikae naye anifundishe.

Mjomba atakutumia filamu kwenye simu. Usitazame tiara tu, Mama. Tazama na chini.

Bibi, babu na mjomba wanakusalimu sana. Chiriku anasema tiara ni yake na asiifute mtu.

Ni mimi binti yako mkubwa,
mwenye misuko miwili.