Mwalimu Wamboga Hapigi Magoti

Malukhu, Mbale
Agosti 1994

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Tafuta kiti ukae, maana leo nina maneno mengi, na najua utasoma kwa sauti ili Mama naye asikie. Kikohozi kimekuachia? Huko Same mvua imenyesha, au bado mnaangalia mawingu yanapita tu? Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa hadi sketi za kazini zimenikataa.

Mbale nimeizoea, ila sokoni bado wananichekesha. Wengi hapa Kiswahili wanakijua cha askari tu. Nikiuliza bei ya matoke kwa adabu zote za kwetu, mwenye matoke ananiita afande na kupunguza bei kabla sijaomba. Nimeacha kumsahihisha.

Sasa habari yenyewe. Mkataba wangu ulikuwa unaisha muhula huu, na anayesaini ni Padri Gidudu, meneja wa shule, mzee wa hapahapa Bugisu, mkali kama pilipili. Nilitaka sana kubaki, Baba. Wanafunzi wangu wameanza kuuliza maswali yanayoninyima usingizi, na mwalimu akishafika hapo hataki kuondoka. Basi nikajitia kimbelembele, nikaandika mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, tuucheze walimu na wafanyakazi wa shule. Ni habari ya yule mzee wa Italia wa zamani aliyetazama sayari kwa darubini, akasema dunia ndiyo inayolizunguka jua, na Kanisa likamshtaki. Najua wewe katekista hapo umekunja uso. Ngoja kwanza.

Padri aliusoma akaniita ofisini. Mwishoni mwa mchezo wangu yule mzee alisimama imara akawapasulia mahakimu ukweli wao, na watu wote wakashangilia. Padri aliweka kidole hapo.

"Mwalimu, hii mwisho ni uongo. Huyo mzee walimuonyesha vyombo ya kutesa. Akaogopa, akapiga magoti, akakana. Roma yenyewe imekubali mwaka juzi kwamba ilikosea. Kama sisi tulikosa, onyesha watu ile kitu tulifanya. Ukiweka uongo, mimi mkataba sisaini."

Nikabadilisha mwisho siku hiyohiyo, na chombo cha kutesea tukaazima koleo la seremala. Tatizo likawa Wamboga, mwalimu wa michezo, ambaye ndiye aliyeigiza yule mzee. Alisoma ukurasa mpya, akauweka chini taratibu.

"Madam, mimi iko Mugisu."

Baba, nikueleze. Hawa Bagisu wana jando lao linaitwa imbalu, na mwaka huu ndio mwaka wake, ngoma zinalia kila siku. Kijana anasimama wima uwanjani mbele ya ukoo mzima, anatahiriwa bila ganzi. Akitikisa hata kope tu, aibu hiyo itamfuata mpaka kaburini.

"Mimi nilisimama mbele ya kisu, watu yote wanaona," akasema Wamboga. "Leo watoto yangu waone baba yao anaogopa koleo ya seremala?"

Nikamwambia ni kuigiza tu. Akaniangalia kwa huruma. "Koleo ni ya kuigiza, Madam. Magoti ni yangu."

Nilibembeleza wiki nzima. Mwisho njia akaipata mwenyewe: mchezo tuupeleke Jinja. Kule, alisema, ni Basoga na watu wa kaskazini, hakuna anayemjua, atapiga magoti hata kumi. Padri akakubali, akatuombea ukumbi wa parokia moja ya huko.

Tukaenda Jumamosi. Jinja ni mji mzuri, una maduka ya zamani ya Wahindi yenye nguzo na roshani, na ukumbi ulijaa mchana kweupe: wauguzi, wachuuzi, wanajeshi, askari magereza na wake zao. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mpishi wetu wa shule alikuwa kardinali, amejifunga pazia jekundu la bwalo, akapigiwa makofi hata kabla hajafungua mdomo. Tukafika penye magoti. Wamboga akalitazama koleo mezani, akaanza kushuka.

Sauti ikalipuka kutoka nyuma. "Wamboga! Wewe mtoto ya dada yangu! Simama!"

Kumbe mjomba wake ni askari magereza, amehamishiwa Jinja, na hakuna aliyetuambia. Alikuwa amekaa na Bagisu wenzake watatu, nao wakadakia. Simama! Simama! Wamboga akanyooka. Kardinali akarudia amri yake mara ya pili, na ya tatu kwa kuomba. Wamboga hasikii.

Ndipo Padri Gidudu akainuka kutoka mstari wa mbele. Baba, nilijua nimekwisha. Moyoni nilishaanza kufunga mizigo, na nilikuwa na uchungu sana.

Akapanda jukwaani bila kumtazama mtu. Akamnyang'anya Wamboga karatasi, akakusanya kanzu yake, akapiga magoti mbele ya mpishi, polepole, mkono mmoja sakafuni. Akasoma: "Mimi, mzee wa karibu miaka sabini, nakana na kulaani niliyofundisha, kwamba dunia inazunguka jua." Sauti ilitetemeka, na mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza. Mpishi alisahau maneno yake yote.

Mjomba mtu akashindwa kuvumilia. "Padri, hata wewe? Si ulitahiriwa?"

"Nilitahiriwa, bwana," Padri akajibu palepale chini, bila kugeuka. "Nilisimama. Lakini nyuma yangu ukoo yote ilikuwa inaimba. Huyu mzee alikuwa peke yake. Nani alikuwa anamwimbia?"

Mjomba akakaa. Mimi nililia, Baba, sikuficha. Wamboga akamshika Padri kwapani akamwinua, naye, huku akijipangusa vumbi, akanigeukia mbele ya ukumbi wote.

"Mwalimu wa sayansi. Nimekana mbele ya watu. Dunia imeacha kuzunguka?"

"Bado inazunguka, Padri."

"Basi. Nendeni na amani."

Na ukumbi mzima, hata Waislamu, wakaitika, "Tumshukuru Mungu."

Nisalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, waambie jina la mtoto wao mchanga sikubali litangazwe kabla sijashauriwa. Msalimie shangazi, dada yako, na uniombee radhi kwake kwa kutomwandikia, nitamwandikia yake peke yake. Wanakwaya wako pia, hasa wale wanaochelewa.

Na wewe Mama, najua unachosubiri. Nitakuja Krismasi, lakini kuwasalimu tu, kisha narudi huku. Usilie, nina furaha. Jumatatu Padri aliniita ofisini, na mkataba wa miaka miwili mingine ulikuwa mezani. Akausaini, akausukuma upande wangu pamoja na kalamu.

"Andika haraka, Mwalimu," akasema. "Mimi siku hizi ni mtu ya kukana maneno yangu."

Mwanenu awapendaye,
Nakiete