Mishipa ya Ini la Arasa

S.L.P. 27,
Karungu.
18 Agosti, 1996.

Mpendwa shemeji Orina,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe na Sheila mko salama huko Nairobi, na kwamba mguu wake umepona. Sisi tupo, ingawa nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Ndugu yako Arasa alitapika damu tena wiki jana, nusu beseni. Alilazwa siku tano. Najua utasema si aache chang'aa. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Daktari alimpaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha kupiga picha, akanionyesha kwenye kioo. Mshipa unaoingiza damu kwenye ini, matawi yake yamebanwa na makovu. Damu ikikosa njia inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo, na ikipasuka ndiyo anatapika. Nikauliza kama ni pombe. Akasema ni kichocho, cha yale maji ya ziwa mliyokuwa mkioga mkichunga ng'ombe.

Basi Arasa hajawahi kuonja. Na mimi, shemeji, kila jioni nilimnusa mdomo. Nikikosa harufu, nasema ametafuna majani ya mpera. Ni mimi niliyempeleka kwa wazee wa kanisa, jina lake likafutwa. Ni mimi niliyekuandikia ile barua iliyokufanya usimsemeshe miaka miwili. Alikana, akakana, mwisho akanyamaza. Nikadhani amekubali.

Dawa ya kichocho amemeza, lakini makovu hayaondoki. Huko Nairobi wanashusha mpira wenye taa kooni, wanaidunga ile mishipa izibe. Ameandikiwa Septemba tatu. Ikipasuka tena kabla ya hapo, daktari hakunificha, tutamzika.

Naye anakataa kwenda. Anasema hawezi kulala kwa mtu anayemwita mlevi. Mimi simsihi, sina uso. Mwandikie wewe, kwa mkono wako, umwite kwako. Nawe ukapimwe, maji yalikuwa ni yale yale.

Mama Nyasuguta anakusalimu, na Ombati pia. Wazee wamesema watalirudisha jina. Mungu awafunike nyote.

Jana Arasa alirudi kutoka shambani, akasimama mlangoni, akanifungulia mdomo ninuse. Ni mazoea tu, hakuwa na hasira.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Bochaberi