Maji ya Bomba la Jikoni

Mwenzangu, acha kila kitu usome hii.

Kazi yetu maabara unaijua: tunapima metali adimu kwenye maji na kuzilinganisha na zile za mwamba uliotokana na tope. Kwenye grafu, maji yaliyopita ardhini huchora mstari ule ule wa mwamba, laini kabisa.

Leo nimepima maji ya bomba la jikoni hapa maabara, kuijaribu mashine tu. Metali moja ikachomoza juu kama msumari!

Bosi akanifokea, "Umechafua chupa!" Akaenda kukinga mwenyewe jikoni. Msumari ule ule.

ULE ULE, nakwambia.

Akaweka kikombe chake cha chai chini, polepole. "Hiyo imo kwenye dawa wanayodungwa wagonjwa kabla ya kupigwa picha za mwili. Wanaikojoa."

Wanaikojoa! Yaani majitaka ya hospitali ya kule juu yanaingia kwenye bomba letu.

Bosi eti, "Usimwambie mtu kwanza." Nisikwambie wewe, na bomba la kwenu na la hapa ni moja?

Asubuhi ulisema mtoto wako anaharisha, ukasema ni meno tu yanaota.

Pokea simu basi! Mwaga hayo maji.

Si meno.